Safari ya Kutafuta Pointi

Begi langu dogo la safari lilikaa mlangoni kwa miaka mingi, kati ya gamubuti na mwavuli, na kwenye mpini wake nilikuwa nimening'iniza kadi ya dhahabu ya shirika la ndege nililozoea kusafiri nalo. Wageni waliokuja kwangu Nakuru hawakujua ni kitu gani. Mama mmoja wa chama chetu aliwahi kuniuliza kama ni ya kufungua geti. Nilimweleza kwa urefu kuliko alivyotaka: kwamba shirika linakuhesabia pointi kila unaposafiri, ukifikisha kiwango chao unapewa kadi, na ukiwa na kadi hupangi laini ndefu, begi lako la pili halilipiwi, na kabla ya safari unakaa kwenye ukumbi wa kupumzikia unaoitwa launji, ambako chai na chakula ni bure. Alisikiliza, akasema, "Kumbe," akaendelea kunywa uji wake.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha vyama vya wakulima namna ya kupoza na kusafirisha maziwa yasiharibike. Nilifundisha Njoro na Molo, kisha wakubwa wakaona nafaa, wakaanza kunituma Uganda, Malawi, Ethiopia, na mara moja moja Ulaya kwenye mikutano. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wameshahama. Viwanja vya ndege vikawa kama sebule yangu ya pili. Nilijua ni choo kipi kina maji ya moto na ni kiti kipi hakipigwi na baridi.

Lazima niseme kwa nini kadi ile ilinishika hivyo. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa upande wa Njoro. Mama yangu alikamua ng'ombe wa tajiri, na kila tulipotumwa kwenye nyumba kubwa tulipitia mlango wa nyuma, wa jikoni, tukasimama pale kwenye saruji mpaka mtu atoke. Siku ya kwanza nilipoitwa kuingia ndege kabla ya wengine, na watu wenye suti wakasogea kunipisha, nilihisi kitu kikifunguka kifuani. Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo niliitaka kadi ile kuliko nilivyotaka kufika kule nilikokuwa naenda.

Halafu mambo yakabadilika. Kazi nyingi zikahamia kwenye kompyuta. Wakulima wa Malawi nikawa nawafundisha nikiwa nimekaa mezani kwangu, kuku wa jirani wakiwika kwa nyuma. Shirika la ndege nalo likabadilisha masharti. Zamani walihesabu umbali uliosafiri, sasa wakaanza kuangalia zaidi pesa ulizolipa. Launji yenyewe ilikuwa imejaa, kwa sababu hata benki zilikuwa zinawapa wateja wao kadi za kuingilia. Ungekuta watu wamepanga laini ya kuingia mahali ambapo mtu huenda ili asipange laini. Mtu mwenye akili angeona kwamba kitu hiki kimekwisha. Mimi nilifungua simu kila asubuhi kuangalia pointi zangu, kama mtu anayeangalia kama mvua imenyesha shambani.

Mwaka ulipokaribia kwisha nilikuwa nimepungukiwa kidogo. Safari moja tu. Hakukuwa na kazi ya kunipeleka popote, kwa hiyo nilijinunulia tikiti mwenyewe: kutoka Nairobi hadi uwanja mmoja wa Uarabuni, kukaa pale muda mfupi bila kutoka nje, na kurudi. Sikuwa na shughuli huko. Sikuwa na mtu wa kumwona. Watoto wangu niliwaambia nina semina.

Jirani zangu wakati huo walikuwa na shida yao. Mume alikuwa fundi wa trekta na mashine za kuvunia ngano, na sisi wote tulimwita Fundi. Mke alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, naye tulimwita Mwalimu. Fundi alikuwa na tatizo la moyo. Alianza kwa kuchoka akipanda ngazi, mwisho akawa analala amekaa. Madaktari walisema apelekwe India akafanyiwe upasuaji. Kanisa likafanya harambee. Nilikuwepo, nikatoa mchango wangu mbele ya watu. Namkumbuka nyanya mmoja aliyetoka upande wa Elburgon na trei ya mayai, yakauzwa kwa mnada pale pale, yakanunuliwa, yakarudishwa, yakauzwa tena, mpaka watu wakacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Siku ile Mwalimu alinivuta pembeni. "Jirani," aliniambia, "mimi siogopi ndege. Naogopa hapo katikati, pa kubadilisha. Tukipotea na huyu mgonjwa itakuwaje?"

"Msiwe na wasiwasi," nilimjibu. "Mtafika tu."

Sikuuliza wanasafiri lini.

Nilikuwa nimesimama mwanzo wa laini fupi pale Nairobi, tayari kuingia ndegeni, niliposikia mtu akiita kwa sauti ya darasani. "Jirani! Jirani!" Niligeuka. Mwalimu alikuwa amevaa sweta mbili, na kando yake Fundi amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kofia yake mapajani, miguu imevimba mpaka viatu havikufungwa kamba.

"Mungu ni mkubwa!" Mwalimu alisema. "Na wewe uko ndege hii?"

"Niko," nilisema.

"Basi sisi hatupotei tena."

Hakuuliza naenda wapi. Alikuwa amezoea kuniona na begi. Mimi nami sikusema. Ndani ya ndege nilikaa kwenye kiti changu kizuri cha mbele chenye nafasi ya miguu, wao walikuwa nyuma kabisa, karibu na vyoo. Niliwaza kwenda kumpa Fundi kiti changu. Nikawaza kwamba labda wahudumu hawataruhusu. Nikaendelea kuwaza hivyo mpaka chakula kikaja.

Tulipotua niliwangoja mlangoni, na hapo angalau nilifaa. Nilijua njia. Nilijua lifti iko wapi na dawati la kubadilishia ndege liko upande gani. Ndege yao ya India ilikuwa bado sana, na Fundi alikuwa amebadilika rangi, midomo imekuwa kama majivu. Alihitaji mahali pa kuegemea na kunyoosha miguu. Nikawapeleka launji.

Dada wa mapokezi alisoma kadi yangu, akatabasamu. "Karibu. Una haki ya mgeni mmoja."

"Ni mume na mke," nilimwambia kwa Kiingereza. "Mume ni mgonjwa."

"Pole sana. Mgeni ni mmoja."

Nilijaribu tena. Nilitaja nimesafiri na shirika hilo miaka mingapi, nikasikia sauti yangu ikiwa ile ya mtu anayetaka meneja aitwe. Mwalimu alinigusa mkono. "Mpeleke yeye," alisema. "Mimi nitakaa hapa nje. Nimezoea kungoja, nimengoja wazazi wa watoto miaka yote."

Kwa hiyo niliingia na Fundi, na mlango wa kioo ukajifunga nyuma yetu, Mwalimu akabaki kwenye benchi la chuma na mifuko yote.

Fundi alisinzia karibu nusu saa, ameegemea kwenye kochi refu. Alipoamka aliangalia vyakula vilivyopangwa, akaniuliza kama kweli ni vya bure. Hakuruhusiwa chumvi, kwa hiyo hakula karibu kitu. Lakini alichukua mikate miwili midogo, akaikunja ndani ya karatasi ya kupangusia mikono, akaitia mfuko wa koti. "Mwalimu hajakula," alisema. Halafu akaangalia huku na huku, kana kwamba ameiba. Mimi ambaye nimekula pale mara zisizo na idadi sikuwahi kufikiria kumbebea mtu chochote.

Kisha wakatangaza ndege ya Nairobi. Ndege yangu. Na mgeni haruhusiwi kubaki launji bila mwenye kadi.

"Fundi," nilisema, "itabidi tutoke."

Hakuuliza kwa nini. Alivaa kofia, nikamshika kiwiko, tukatoka polepole hadi kwa mke wake. Mwalimu alisimama haraka. "Muda wetu umefika?"

"Wenu bado. Ni wangu."

"Wewe unaendelea wapi kutoka hapa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo lolote. Ningesema Ulaya. Lakini ubao wa safari ulikuwa juu ya kichwa chake, na mlango wangu ulikuwa palepale, umeandikwa Nairobi kwa herufi kubwa.

"Narudi nyumbani," nilisema.

"Nyumbani wapi?"

"Nakuru."

Mwalimu alinitazama. Niliona akili yake ya ualimu ikipanga vitu kimoja kimoja: sina mzigo ila kibegi kidogo, sijatoka nje ya uwanja, nimefika nao na sasa narudi.

"Yaani ulikuja kutusindikiza tu? Ulikumbuka vile nilikuambia naogopa hapa katikati?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema hapana. Kilichotoka ni, "Safari njema, Mwalimu. Mungu awatangulie."

Alinishika mikono yote miwili na kuanza kuomba pale pale, kwa sauti, watu wakipita na mabegi yao. Fundi alivua kofia. Mwalimu aliniombea mimi, watoto wangu, kazi za mikono yangu. Niliposikia "amina" niliondoka mbio, na kwa mazoea nikaenda kwenye laini fupi, nikaingia kabla ya wengine.

Nairobi, afisa wa uhamiaji alipekua pasipoti yangu mara mbili. "Mama, ulitoka hapa leo."

"Ndiyo."

"Ulisahau kitu?"

"Hapana."

Alicheka kidogo, akagonga muhuri. Nadhani hakunifikiria tena. Mimi bado naisikia sauti yake.

Nilipokuwa narudi Nakuru kesho yake, dereva niliyemkodi alisimama Mai Mahiu tunywe chai, na hapo ndipo nilipofungua simu. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye kikundi cha kanisa. Aliandika maneno mengi, kwamba jirani yake amepanda ndege kwa gharama yake mwenyewe, akawafikisha mpaka mahali pa kubadilisha, akampa Fundi mahali pa kulala, akageuka kurudi bila kuomba hata asante. Chini yake watu walikuwa wamejaza mikono ya kuomba na maua. Nyanya wa mayai, kupitia simu ya binti yake, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti: "Huyo ni mtoto wa nani? Mwambieni tumemuona." Dereva aliniuliza kama chai ina kasoro. Nilikuwa nimeiacha ikapoa.

Juu kabisa ya simu kulikuwa na ujumbe mwingine, wa shirika la ndege. Walinipongeza. Nimebaki kwenye dhahabu mwaka mwingine.

Jumapili ya kwanza sikwenda kanisani, nikasema nina mafua. Jumapili ya pili nilikwenda, nikakaa nyuma, karibu na mlango. Mchungaji aliniona. Alisimulia kisa chote, kisha akasema, "Asimame." Nilisimama. Kanisa lote lilipiga makofi, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Ningeweza kusema pale. Kulikuwa na kipaza sauti, kilikuwa kimewashwa. Niliinama kidogo, kama mtu mnyenyekevu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote, kwamba hata mwili wangu ulijua namna ya kudanganya. Mama mmoja mbele yangu aligeuka akanipa mkono.

Upasuaji ulienda vizuri. Walirudi baada ya majuma kadhaa, Fundi amekonda lakini anatembea mwenyewe, anapumua bila kuhangaika. Wakafanya shukrani nyumbani kwao. Turubai lilitandazwa uani, mbuzi akachinjwa, kulikuwa na mukimo wa viazi na mahindi, na chapati, na wageni kutoka Molo mpaka Gilgil. Nilikuwa nimepanga kufika, kusalimu na kuondoka. Lakini walikuwa wameniwekea kiti meza ya mbele, kati ya mchungaji na kaka mkubwa wa Fundi, chenye kitambaa cheupe. Nilipewa nyama kwanza. Mwalimu alinifunga leso mabegani watu wakishangilia.

Wageni walipoanza kupungua nilimfuata Mwalimu jikoni. Alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa majivu, kanga imefungwa kiunoni. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha sahani, na bila kupanga maneno nikamwambia. Nikamwambia kuhusu kadi, pointi, masharti, safari moja iliyopungua. Nikamwambia sikujua watakuwa kwenye ndege ile. Nikamwambia kwamba alipouliza kule uwanjani, sikuwa na ujasiri wa kumkatalia.

Aliendelea kusugua. Nilidhani hakusikia.

"Kwa hivyo," alisema mwishowe, "ulipanda ndege, ukaenda, ukashuka, ukapanda, ukarudi."

"Ndiyo."

"Hukuwa na kitu ya kufanya huko."

"Sikuwa nayo."

"Na sisi hapa watu walikuwa wanatuuzia mayai."

Nilichukua sahani nyingine nikaikausha. Alimwaga maji machafu nje ya mlango, akarudi, akasimama akiwa ameshika sufuria tupu.

"Fundi umemwambia?"

"Bado. Nilitaka kuanza na wewe."

"Usimwambie." Hakuwa amepaza sauti. "Usiku wa kuamkia upasuaji aliogopa. Mwanaume mzima alilia, akataka turudi nyumbani bila kufanyiwa. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, kama jirani anaweza kuja mpaka kule kwa ajili yako, wewe ni nani ukatae? Hiyo ndiyo ilimfanya akubali kuingia. Sasa ukimwambia, utakuwa umemsaidia nani?"

"Lakini watu wananishukuru, Mwalimu. Siwezi kubeba hiyo."

"Utabeba," alisema. "Ni yako."

Akanipokonya kitambaa, bila ukali, akakausha mikono yake, akatoka kwenda kuaga wageni.

Hajawahi kunirudia na jambo lile. Ananisalimu vizuri, akipika maandazi mengi ananitumia. Ila hanishiki tena mikono yote miwili akinisalimu, na siku hizi ananiita "mama" kama anavyomwita mwanamke yeyote. "Jirani" sijalisikia tena kinywani mwake. Najua anajitahidi. Kuna siku naona ameniangalia kupitia ua, halafu akageuza uso kabla sijapunga mkono.

Watu wa kazini, hasa vijana wanaoanza kusafiri, huniuliza kama bado inafaa kuhangaikia kadi hizi. Huwa nawajibu kawaida. Nawaambia ikiwa kazi inakupeleka na shirika moja kila mara, pointi zitakuja zenyewe, na siku ndege ikifutwa utafurahi kuwa wa kwanza kupangiwa nyingine. Usinunue safari kwa ajili ya kadi. Nawaambia faida zimepungua, masharti yanabadilika kila wanapotaka, na launji ni vita. Yote hayo ni kweli. Wananishukuru kwa ushauri, na mmoja alisema anaona nimeyafikiria sana.

Mwaka wa dhahabu ule niliolipia ulipita, na kadi ikashuka, ikawa ya fedha, kisha ya bluu kama ya kila mtu. Launji niliingia mara mbili tu katika mwaka huo mzima. Mara zote mbili nilikaa karibu na mlango, nikanywa maji, nikatoka.

Fundi ndiye hajabadilika, au niseme amebadilika kwa namna inayoniumiza. Amerudia kazi nyepesi. Pampu yangu ya maji ikisumbua anafika kabla sijamwita. Akipita muuza maziwa na baiskeli yake, Fundi humsimamisha na kumwonyesha mimi kwa spana. "Huyu mama," humwambia, "alinivukisha bahari." Muuza maziwa ameshasikia mara nyingi, lakini hutikisa kichwa kwa heshima. Mimi huingia ndani nikatafuta kitu cha kufanya.

Juzi nilipata kazi ya wiki moja Malawi. Fundi alisikia, sijui kutoka kwa nani. Asubuhi ya safari nilifungua geti nikamkuta amesimama na koti lake zuri na ile kofia.

"Leo ni zamu yangu," alisema. "Nakusindikiza mpaka Nairobi."

"Fundi, ni mbali. Wewe si mtu wa kuchoshwa. Rudi ukapumzike."

"Nitachoka nikiwa hai. Twende."

Nilimwangalia Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake. Aliinua mabega, akaingia ndani.

Fundi alikaa mbele na dereva. Njia nzima alimweleza habari za injini, na Gilgil alitaka tusimame aninunulie ndizi za kula ndegeni, kwa sababu, alisema, hawa watu wa ndege hawajui kushibisha mtu. Uwanja wa ndege hawakumruhusu kupita mlango wa ukaguzi. Alinipa begi langu, akanipa na mfuko wa ndizi, akarudi nyuma hatua chache ili asizibe njia. Laini ilikuwa ndefu. Kila nilipogeuka nilimkuta bado amesimama pale nje ya kioo, anapunga kofia, na kila mara ilibidi nami niinue mkono.